Giaboksi imetoka kwa fundi juzi, sasa inatema gia kwenye mteremko. Nifanyeje?

Mama_Trela_Nax
Habari zenu wadau. Naomba ushauri wa madereva na mafundi wa magari makubwa.

Nina lori la kichwa na trela, giaboksi ni ZF ya gia 16. Gia zilianza kuwa ngumu kuingia, nikalipeleka kwa fundi hapa Nakuru. Aliteremsha giaboksi, akasema amebadilisha sinkronaiza (pete zinazolinganisha mwendo ili gia iingie laini) na beringi, akafunga. Sasa gia zinaingia vizuri, lakini dereva ananiambia lori likiwa na mzigo, akiachilia mafuta kwenye mteremko, gia ya sita inatoka yenyewe na kurudi nyutro. Imefanya hivyo akishuka kutoka Mau Summit, ikarudia karibu na Salgaa. Kuna pia mlio mwembamba unaopanda na mwendo, ambao haukuwepo awali.

Fundi nimempigia. Anasema vyuma ni vipya, vitazoeana, na kwa sasa dereva ashikilie mkono wa gia. Dereva wangu ni mtu makini na hapendi maneno mengi, akilalamika najua kuna jambo. Lakini nina mahindi ya kutoa Kitale wiki hii, mteja anapiga simu asubuhi na jioni, na benki nayo haisubiri. Je, ni kweli vyuma vitazoeana?

Dereva_wa_Malaba
Mama, usilipakie hilo lori. Nakuomba.

Kutoka Timboroa, takriban mita 2,700, hadi Nakuru kwenye mita 1,850 hivi, huko kote ukiwa na mzigo unazuiwa na injini. Breki ni za kusaidia tu. Gia ikitoka, injini na magurudumu havina mawasiliano tena. Lori linachukua kasi papo hapo, na ukitaka kurudisha gia inakwaruza na kukataa, kwa sababu mzunguko wa injini na wa shafti umeachana mno. Unabaki na breki peke yake. Unakanyaga, drami zinapata moto, unaanza kusikia harufu ya laini za breki kuungua, halafu unakanyaga na lori haliitiki.

Hapo dereva anaambiwa ashike mkono wa gia kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, kwenye mteremko wa Sachangwan, mbele yake kuna matatu na pikipiki? Sisi hukemea madereva wanaoweka fri, yaani nyutro, ili kuokoa dizeli. Hili lako linajiwekea fri lenyewe, na dereva hajui litafanya hivyo kona gani. Pale makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo na kuingia kwenye watu na magari kando ya barabara. Walikufa zaidi ya 50. Sisemi ile ilikuwa giaboksi. Nasema barabara hii haina pa kukimbilia lori likishakushinda.

Na huyo dereva aliyekuambia ukweli, mshike vizuri.

Fundi_Kondele
Shikamoo mama. Mimi hufungua giaboksi hizi hapa Kisumu. Meno ya gia yakishaanza kurukana hayazoeani, yanazidi kulika, na kila yakiruka yanapoteza kona zake.

Jambo lililonishtua ni kwamba inatoka akiachilia mafuta. Ukivuta mzigo, jino linasukumwa upande mmoja. Ukiachilia mafuta kwenye mteremko, magurudumu ndiyo yanasukuma injini, na jino linabeba upande wake wa pili. Kama shafti ina nafasi ya kucheza mbele na nyuma, hapo ndipo gia inateleza na kutoka. Beringi za shafti kwenye giaboksi hiyo ni za koni, na zikibadilishwa lazima ile nafasi ipimwe kwa geji na kurekebishwa kwa shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi. Fundi akirudisha shimu za zamani bila kupima, anaacha shafti ikicheza au anaibana mpaka beringi inaungua. Ule mlio unanifanya nishuku hapo hapo. Sababu nyingine ni uma unaosukuma gia kuwa umelika, au slivu (pete inayoteleza kuunganisha gia na shafti) ya zamani kuvalishwa sinkronaiza mpya.

Kabla ya kuteremsha chochote, angalieni vyuma vinavyotoka kwenye mkono wa gia kwenda nyuma. Kwa lori ambalo kabini yake huinamishwa mbele, vikifungwa vibaya gia inaingia nusu tu. Angalieni pia bolti za giaboksi kwenye injini na maunti zake, yaani vishikizo vyake. Hayo yanakaguliwa siku moja na hayana gharama kubwa.

Spea_Mkononi
Msimtishe mama wa watu. Langu lilikuwa linatema gia, tukabadilisha springi inayoshikilia gia na likakaa sawa. Likipakiwa nusu mzigo linaweza kufika polepole.

Fundi_Kondele
Ndugu, springi ikichoka gia hutoka, kweli. Lakini hujasema kama lako lilikuwa na mlio baada ya kufunguliwa. Na nusu ya mzigo wa trela bado ni tani nyingi kwenye mteremko.

Mama, fanya hivi leo. Oili ikiwa bado na joto, mwambie fundi mwingine afungue bolti ya chini yenye sumaku, nawe usimame hapo. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa, au kipande chenye umbo la jino, lori lisiwashwe tena. Likivutwa kwenda gereji, propela (shafti ndefu inayokwenda ekseli ya nyuma) itolewe kwanza, maana magurudumu yakizungusha shafti injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili haifanyi kazi na mtaua hata kilichobaki.

Nyaraka_Kwanza
Upande wa pesa: usimruhusu fundi wa kwanza afungue peke yake. Awepo, lakini na fundi wako awepo, mpige picha kila hatua, na beringi zilizotolewa zibaki kwako. Una risiti au ujumbe wa malipo ya simu? Akikataa kurudisha, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kwenda bila wakili.

Mama_Trela_Nax
Asanteni sana. Tumefungua bolti jioni hii. Kwenye sumaku kuna vipande vinne, kimoja kirefu kama ukucha. Nimempigia mteja nikamwambia ukweli, mahindi yatabebwa na lori la jirani, nitalipa tofauti ya nauli. Lori limesimama. Fundi wa Kondele, nikutumie ujumbe wa faragha? Na oili mpya ninunue yoyote nzito?

Fundi_Kondele
Tuma, mama. Oili usinunue bado, na ukinunua isiwe yoyote. Soma kibati kilicho ubavuni mwa giaboksi, kina orodha ya oili inayotakiwa. Ile ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, yenye alama ya GL-5, wengi huimwaga humo kwa kuwa iko dukani, na dawa zake zinaweza kula shaba ya sinkronaiza. Nipigie picha kibati chote, hata kama kimechafuka, kiwe kimepanguswa kwa dizeli kwanza ili namba zisomeke.