Boma la vyumba vinne Chamazi kwa milioni 22: ninunue au nianze msingi wangu?

Karani wa Tandika

Wakuu, salaam. Mimi ni karani, napanga Tandika, Dar, na familia. Akiba yangu na mkopo wa SACCOS vimefika milioni 30, na nataka vyumba vya kupangisha, si nyumba ya kuishi. Dalali amenipeleka Chamazi kuona boma (nyumba isiyomalizwa) la vyumba vinne, vyote masta, yaani kila kimoja na choo na bafu lake ndani, limeishia kwenye lenta, bado bati. Mwenyewe anataka milioni 22. Karatasi aliyonayo ni ya mauziano ya serikali ya mtaa, hati anasema "iko kwenye mchakato".

Masta mtaa ule inapangishwa 80,000. Vyumba vinne ni 320,000 kwa mwezi, 3,840,000 kwa mwaka, kwa hiyo miaka nane hela imerudi. Mke wangu anasema hesabu imenyooka mno, hiyo si dalili nzuri. Wazoefu, kuna nini hapo sikioni?

Mama Vyumba

Mwanangu, mkeo ana macho. Mimi nina vyumba sita huku Mbagala, nilianza kupangisha nikiwa bado kazini na sasa nimestaafu, na sijawahi kuona mwaka ambao vyumba vyote sita vimelipa miezi yote kumi na miwili. Mtu akihama unapiga rangi, unabadilisha kitasa, dalali analeta watu wa kuangalia tu, mwezi umekatika. Na dalali naye anataka kodi yake ya mwezi mmoja, kwangu mimi au kwa mpangaji, lakini lazima itoke. Piga miezi kumi: 3,200,000. TRA wana asilimia 10 yao kwenye pango, hiyo ni 320,000. Bado hujatengeneza bomba hata moja.

Lakini hayo si makubwa. Kubwa ni choo. Masta nne ni vyoo vinne na mabafu manne, na maji yote yanakwenda kwenye shimo moja. Ukienda kukagua lile boma usianze na kuta, uliza shimo litachimbwa wapi na gari la kunyonya litasimama wapi. Mpira wa lile gari una urefu wake. Jirani yangu alijenga vyumba vitano nyuma ya nyumba yake, akabana ukuta hadi mpakani, shimo likabaki uani katikati. Masika lilipofurika, gari lilisimama barabarani na mpira ukapitishwa sebuleni kwa mpangaji, juu ya zulia la watu, huku watoto wanakunywa chai. Mpangaji yule hakugombana na mtu. Mwisho wa mwezi alipakia vitu kwenye kirikuu akaenda zake, na wawili wakamfuata.

Pili umeme. Usithubutu kuweka mita moja kwa watu wanne. Mmoja ana friji na pasi, mwingine ana taa na chaja ya simu, wa tatu anasafiri kila wiki na hataki kuchangia. Watakuita wewe hakimu saa tatu usiku. Kila chumba na mita yake, au mita ndogo za ndani kama hela haitoshi. Na kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya chini. Anayenunua umeme wa kwanza mwezi huo ndiye anayekatwa, kisha anakuja kugonga mlango wako. Liandikwe kwenye mkataba nani anabeba, na kama una mita nne uhakikishe jengo halikatwi mara nne. Hilo linarekebishwa, ila ujipange kwa foleni.

Fundi Timazi

Bosi, milioni 8 zinazobaki hazimalizi masta nne. Nakwambia kama mtu ninayeshika mwiko kila siku. Hapo kuna kupaua (mbao, bati geji 28, misumari), plasta ndani na nje, jamvi na sakafu, milango, grili, mfumo wa maji, mfumo wa umeme, shimo na karo. Milioni 8 itakufikisha kwenye bati na plasta, tena ukimsimamia fundi mwenyewe.

Boma lililokaa wazi nalo lina mambo yake. Chukua ufunguo, kwangua tofali sehemu tatu nne, hasa mistari ya chini. Likimwagika kama unga, mchanga ulizidi saruji. Angalia lenta kama nondo imetokeza na kupata kutu. Halafu uliza majirani, si dalali, kwa nini mwenyewe aliishia hapo.

Na uende na futi. Masta nyingi za mtaani ni mita 3 kwa 3. Ukitoa choo, kitanda cha tano kwa sita kinaingia ila kabati hamna pa kuliweka. Chumba cha hivyo hakikai mtu mwenye familia, kila baada ya miezi sita unatafuta mpangaji mpya.

Mpima Ramani

Mimi naongelea karatasi tu. Ya serikali ya mtaa inaonyesha kwamba watu wawili waliuziana. Haikwambii kama aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. "Mchakato" wa kweli una ushahidi: namba ya kiwanja na kitalu, ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, risiti za malipo. Akuonyeshe hizo, uende nazo ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Hana hata namba ya kiwanja? Basi hakuna mchakato, kuna maneno.

Angalia pia boma liko umbali gani na barabara kuu na mto. Waliobomolewa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 wengi walikuwa wamejenga nyumba nzuri tu, shida ilikuwa hifadhi ya barabara. Kwenye mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni.

Na kama muuzaji ana mke, sahihi ya mke iwepo. Ofisi ya mtaa wakikudai asilimia 10 ya bei, waombe kifungu cha sheria na risiti. Mara nyingi bei inashuka palepale.

Msomi wa Hisa

Kuna njia nyingine: hati fungani, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba. Za miaka 25 zilipopunguzwa riba mwaka 2022 zilibaki asilimia 12.56, na faida yake haikatwi kodi. Kwa hesabu ya Mama Vyumba, 3,200,000 ukitoa 320,000 ya TRA unabaki na 2,880,000 kwa mwaka kwa milioni 30, hiyo haifiki hata asilimia 10. Hati fungani haina shimo.

Mama Vyumba

@Msomi wa Hisa haina shimo, lakini kijana huyu ana mkopo wa SACCOS, kuponi (riba ya hati fungani) inakuja mara mbili kwa mwaka na makato ya mkopo wake ni kila mwezi. Na kiwanja Chamazi miaka kumi ijayo hakitakuwa bei hii.

Karani wa Tandika

Nashukuruni sana. Nimempigia muuzaji: namba ya kiwanja hana, na mkewe yuko Mtwara. Dalali ananiambia nitoe milioni 5 "kumfunga" asiuze kwa mwingine. Swali la mwisho: nikimaliza vyumba viwili nikachukua kodi ya miezi sita mbele, si naweza kumalizia viwili vilivyobaki kwa hela hiyo?

Mama Vyumba

Vyumba viwili kwa miezi sita ni 960,000. Muulize Fundi Timazi inanunua milango mingapi. Na siku hizi wengi wanaomba kulipa miezi mitatu mitatu, ukikataa wanakwenda nyumba ya pili.

Milioni 5 usitoe. Anayetaka kununua boma lisilo na namba ya kiwanja, mwachie alinunue.

Fundi Timazi

Kuna viwanja vilivyopimwa Chanika na Kibaha, tafuta kimoja chenye namba, piga msingi wa vyumba vinne, nyanyua viwili. Nitumie picha ya ramani kabla hujamwaga zege.