MREJESHO: Mdogo wangu na nafasi ya uzamili Marekani

Wakuu, niliomba ushauri hapa baada ya Tanzania kuingizwa kwenye zuio la viza za Marekani, za wanafunzi zikiwemo, kuanzia 1 Januari 2026, wakati mdogo wangu keshapata chuo. Asanteni sana. Tuliiandikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kama mlivyosema, wakamsogezea udahili mwaka mmoja bila kuomba upya. Kuanza kwa mtandao imeshindikana, kozi yake ni ya maabara. Ufadhili nao hawajauahidi, na hilo linaniuma sana. Kwa sasa mhadhiri mmoja hapa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) amempokea maabara kwake, Mungu ambariki. Mwenye viza iliyotolewa kabla ya tarehe ile na bado haijaisha muda, zuio halimhusu, ila azungumze na chuo chake kabla ya kusafiri.