Mrejesho: miti miwili ya majina ya vipimo imeungana

Ndugu zangu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini pmnsmerge, programu ya mstari wa amri iliyomo katika Performance Co-Pilot (mkusanyo wa programu za kupima utendaji wa kompyuta), ilikataa kuunganisha faili mbili za majina ya vipimo, yaliyopangwa kama matawi ya mti, kutoka seva zetu za Mbeya mjini na Tukuyu. Mlionishauri nitazame namba badala ya majina mlikuwa sahihi kabisa. Kila kipimo hubeba kitambulisho chenye sehemu tatu, yaani domeini (namba ya ajenti, programu inayokusanya vipimo), klasta (kundi la vipimo) na aitemu (kipimo chenyewe), na jina lilelile la kipimo tulichojitungia wenyewe lilikuwa na domeini 245 huku na 246 kule, kwa kuwa mafundi wawili walijichagulia namba bila kuulizana. Jina moja haliwezi kuwa na vitambulisho viwili, hivyo programu ilisimama, nami nashukuru kwamba haikubahatisha. Nimesawazisha namba kwenye ajenti na kwenye faili, kisha nikaendesha amri upya nikiongeza -f, kwa sababu faili ya matokeo ilikuwapo tayari na bila alama hiyo programu haiandiki juu yake. Zimebaki faili za kumbukumbu za vipimo vya zamani vya Tukuyu zenye namba ya awali, ambazo nitazirekebisha kwa pmlogrewrite, programu nyingine ya mkusanyo huohuo.