Ameniambia nimnunulie mwanangu BAISKELI! Huyu fundi wa kadi za kompyuta hapa Dodoma mnamjua wote

Mzee wa Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Ndiyo kwanza nimeshuka kwenye boda, hata maji sijanywa.

Jina simtaji na wala hamlihitaji. Mnamjua. Yule wa mjini kati, kioo cha duka kimejaa stika mpaka mlango unautafuta kwa kupapasa, yule ambaye salamu haitikii mpaka aone mkono wako umeelekea mfukoni. Kama umewahi kumiliki hata kikokotoo katika mji huu, umeshapita kwake.

BAISKELI wakuu. Mtu mzima ananiambia baiskeli!

Iko hivi. Kijana wangu kafaulu darasa la saba. Nilimwahidi tangu yuko la sita kwamba akifaulu, naiwekea mashine ya nyumbani kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, ili gemu lake la mpira liache kukatakata. Maana lilivyokuwa, mchezaji akipiga shuti unakwenda kunywa chai, ukirudi mpira bado uko hewani. Mtoto kasoma. Umeme ukikatika anasoma kwa taa ya simu. Matokeo yakatoka, kafaulu, Januari anaingia kidato cha kwanza. Ahadi ni deni.

Mashine ni Dell OptiPlex 7010, lile boksi refu, prosesa i5 ya kizazi cha tatu, RAM 8. Ni toleo la 2012, umri wake naujua, sikuokota. Najua pawasaplai yake, lile boksi la kugawa umeme ndani, ni wati 275 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Ndiyo maana nilimwambia kwa mdomo wangu: fundi, nataka kadi ya GTX 1050 Ti, ile ya wati 75 inayojitosheleza na umeme wa sloti inapochomekwa. Akasema ipo, laki mbili na themanini. Nikamhesabia noti za elfu kumi ishirini na nane juu ya meza yake, na yeye akazihesabu tena mara mbili.

Kadi ikaja na mdomo wa umeme wa pini 6. Nikauliza, mbona huu? Akasema hilo ni toleo la nguvu, akanipa na kiadapta cha kuchomeka kwenye waya wa hadi diski. Nyuma ina tundu la VGA, lile la bluu la waya wa skrini. Nikafurahi, kwa sababu skrini yangu ni ya VGA.

Nimefika nyumbani, nikafungua kesi, nikapuliza vumbi. Vumbi la Nkuhungu mnalijua, lilikuwa limelala juu ya feni kama blanketi. Nikachomeka. Mashine ikawaka, ikaandika 1050 Ti, GB 4. Kijana akaruka. Akafungua gemu, wimbo ukapigwa, timu zikatoka uwanjani, na kabla kipa hajagusa mpira skrini ikajaa vimraba vya kijani na zambarau, kisha giza. Tukawasha tena, giza. Tukajaribu kuweka draiva mpya, ile programu ya kuendesha kadi, ikagoma. Saa sita ya usiku mtoto bado amekaa pembeni yangu ananishikia tochi.

Jirani yangu ana kijana anasoma UDOM. Akaja asubuhi, akaweka programu ya GPU-Z, ya kukagua kadi, na hapo hapo ikaandika FAKE kwa herufi kubwa mbele ya jina la kadi. Kore, yaani vijiinjini vya hesabu ndani ya kadi, ni 192. 1050 Ti halisi ina 768! Kumbe ni GTX 550 Ti, kadi ya 2011, imechezewa BIOS, programu yake ya ndani, ijiite jina la mwenzake wa 2016. Ile GB 4 ni ya kuandikwa tu, ndani iko GB 1, gemu likihitaji zaidi ya hapo linakufa. Nikakwangua stika ya kwenye feni kwa ukucha, chini yake kuna gundi ya stika nyingine. Yaani wamemvalisha marehemu suti ya bwana harusi!

Leo nikarudi dukani na kijana. Alivaa viatu vyake vipya vya shule, ingawa ni Jumamosi. Nikaweka kadi mezani kwa adabu. Fundi, kadi hii si yenyewe, naomba yangu au hela yangu. Sikupaza sauti, mashahidi wapo.

Hakuigusa kadi. Akasema, "Mzee, mashine yako ndiyo inakula kadi." Nikamwonyesha picha ya GPU-Z kwenye simu. Akasema programu za intaneti zina virusi. Nikatoa risiti. Imeandikwa "graphic 1", basi, kama vile nimenunua fungu la mchicha. Halafu, wakuu, HALAFU, akaniacha mimi niliyesimama mbele yake, akainama juu ya meza, akamtazama mtoto wangu, akasema:

"Dogo, mwambie baba akununulie baiskeli tu."

Duka zima likacheka. Watu sita. Mmoja alikuja kutengeneza chaja, akacheka mpaka akakaa chini. Kijana wangu hakusema kitu. Akaangalia viatu vyake.

Hela nitaitafuta nyingine. Lakini mtoto aliyefaulu unamwambiaje maneno hayo mbele ya baba yake? Baiskeli! Njia nzima kwenye boda mtoto kimya, na mimi kichwani naisikia tu baiskeli, baiskeli, baiskeli. Angenitukana mimi. Mimi nina miaka 47, nimeshatukanwa na wakubwa zaidi yake. Kwa nini amwambie mtoto?

Nataka kila aliyewahi kupigwa na huyu mtu aseme hapa.

---

Zabibu Mbichi

Pole sana mkuu. Namjua. Mie aliniuzia RAM ya GB 8, kufika nyumbani mashine inasoma 4. Nikarudi, akaniambia zile nyingine 4 zitaonekana nikizoea.

---

Mtani wa Kondoa

Hahahahaha "dogo mwambie baba". Mkuu samahani nimecheka, niko kwenye daladala watu wananiangalia.

---

Pini Ishirini na Nne

Mwanzisha uzi, pole, lakini hapo ulikuwa na dalili tatu mkononi. Kwanza hilo tundu la VGA. Kuanzia kizazi cha GTX 10 Nvidia waliondoa mawimbi ya VGA kwenye chipu yenyewe, kwa hiyo ukiona 1050 Ti ina tundu la bluu, irudishe hapo hapo. Pili huo mdomo wa pini 6. Zipo 1050 Ti halisi zenye mdomo huo, ila nyingi hazina, na wewe ulishamwambia unataka isiyo nao. Tatu draiva kugoma. Familia ya 550 Ti iliachwa na Nvidia mwaka 2018, draiva yake ya mwisho ni 391.35, mpya haiingii hata uipigie magoti.

Na hicho kiadapta kitoe LEO. 550 Ti inakula wati 116. Plagi ya SATA, hiyo ya hadi diski, kwenye volti 12 imetengenezwa kwa wati 54 tu, mdomo wa pini 6 unaweza kuvuta 75. Waya huo unayeyuka, na chumba anacholala mtoto kiko karibu.

---

Bei ya Jumla

Laki mbili na themanini kwa kadi yenye VGA ya bluu? Mkuu, fundi kakushauri vizuri. Kwa hela hiyo baiskeli unapata, tena na kengele na kiti cha nyuma cha kubebea kuni.

---

Mzee wa Nkuhungu

@Pini Ishirini na Nne asante, kiadapta nimeshakichomoa, kweli plagi ilikuwa ya moto na imeanza kuwa njano pembeni.

@Bei ya Jumla wewe hujaelewa au unajitoa ufahamu. Hilo la hela nimelimaliza. Angeniambia MIMI ninunue baiskeli ningemjibu. Alimwambia MTOTO. Aliinama kabisa! Aliweka viwiko juu ya meza!

---

Bei ya Jumla

Viwiko haviumi mkuu.

---

Mama Wawili Kisasa

Jamani mwacheni baba wa watu. Mtoto akifaulu anapigiwa vigelegele, hapigwi vijembe na muuza nyaya. Baba, shikilia hapo hapo, nenda ofisi ya mtaa na hiyo risiti.

---

Zabibu Mbichi

Risiti ya "graphic 1" dada? Mtendaji atauliza graphic ni mboga gani.

---

Kijana wa Ng'hong'hona

Ngoja niulize hapa hapa kwa kuwa wajuzi wapo. Mimi nina OptiPlex 9020, nataka kubadili pawasaplai niweke kubwa. Nimefungua nikakuta waya wa madabodi, ile bodi kuu, una pini 8, ya dukani ina 24. Nimepigwa na mimi?

---

Pini Ishirini na Nne

Hujapigwa, ndivyo Dell walivyoitengeneza 9020. Tafuta adapta ya 24 kwenda 8. Ya 7010 boksi refu ndiyo ina pini 24 za kawaida. Mwanzisha uzi, kwako wewe hilo ni jepesi: weka pawasaplai ya kueleweka, au tafuta 1050 Ti halisi isiyo na mdomo, itakaa hapo bila kelele.

---

Mtani wa Kondoa

Halafu mashine ya kizazi cha tatu haipokei Windows 11, na Windows 10 waliifungia msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Ukimaliza kadi bado una safari.

---

Mzee wa Nkuhungu

Windows imeingiaje hapa? Nazungumzia mtu mzima kumwambia mtoto wa miaka 13 baiskeli, watu sita wanacheka!

---

Sindano na Uzi

Afadhali yako mkuu, wewe umechekwa na sita. Mimi suti ya send-off ya mdogo wangu nilipeleka kwa fundi cherehani, sokoni kule, mwenye mashine tatu na redio moja, mnamjua. Siku ya shughuli naivaa saa kumi jioni, mguu wa kulia unafika kwenye soksi, wa kushoto unafagia sakafu. Nampigia simu, ananiambia "simama sawasawa". Nimesimama sawasawa! Nimeingia ukumbini nachechemea makusudi ili watu wadhani nimeumia. Mpaka leo ukweni wananiuliza mguu unaendeleaje.

---

Mama Wawili Kisasa

Uwiii! Huyo wa redio moja? Ana kitenge changu tangu Pasaka. Kila nikienda anasema "kimebaki vifungo tu". Gauni nililomwagiza halina kifungo hata kimoja!

---

Mpangaji wa Ilazo

Nyie mna mafundi angalau mnawaona. Mwenye nyumba wangu kodi kaipandisha mara mbili, nikimpigia kuhusu bomba anasema yuko kijijini Bahi, na jana nimekutana naye mjini anakula mishikaki. Akanisalimia kama hanijui. "Habari yako kijana." Kijana! Nimempa kodi ya miezi sita!

---

Bei ya Jumla

Wenye nyumba wa Dodoma tangu serikali ihamie hapa, hata banda la kuku wanaliita masta.

---

Mpangaji wa Ilazo

Usicheke. Langu nadhani lilikuwa banda kweli. Nikideki kona ya chumba natoa manyoya.

---

Mzee wa Nkuhungu

Wakuu turudi kwenye mada. Nimeamua Jumatatu narudi pale mwenyewe, bila mtoto. Naomba mtu mmoja tu twende wote, awe shahidi. Nani yuko mjini Jumatatu asubuhi?

---

Kijana wa Ng'hong'hona

Hiyo adapta ya 24 kwenda 8 inapatikana duka gani hapa mjini?

---

Zabibu Mbichi

Kwa yule yule.

---

Mtani wa Kondoa

Dada wa kitenge, huyo fundi wa redio moja ni mrefu, ana rula sikioni?

---

Mama Wawili Kisasa

Huyo huyo! Na wewe anacho chako?

---

Mtani wa Kondoa

Kaunda suti ya mzee wangu. Mwaka wa pili huu. Mzee mwenyewe ameshapungua kilo kumi, ikitoka itabidi apelekewe tena aipunguze.

---

Sindano na Uzi

Jamani twendeni wote Jumatatu. Tukutane sokoni saa tatu, kila mtu na kile kipande cha karatasi cha vipimo.

---

Mzee wa Nkuhungu

Saa tatu mimi niko kwa fundi wa kadi. Hakuna hata mmoja?

---

Mama Wawili Kisasa

Saa tatu sawa, mie nakuja na shangazi, yeye anadai pazia.