Radoni majumbani: vipimo 11,319 au nyumba chache zilizochaguliwa vizuri?

Mwanagenzi:
Ndugu zangu, nasoma takwimu za afya na nimekwama. Uchunguzi wa kitaifa wa Ireland, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2002, ulitumia vipimo 11,319 vya radoni (gesi ya mionzi itokayo udongoni) majumbani na kupata wastani wa bekereli 89, yaani kizio cha mionzi, kwa mita ya ujazo ya hewa. Uchunguzi wa mwaka 2015, uliopima nyumba chache mno kuliko hizo, ulipata 77. Kwa nini tuiamini sampuli ndogo? Na ikiwa kikwazo ni gharama, kwa nini wasichukue tu kumbukumbu za maabara, yaani matokeo ya watu wote walionunua vipimaji wenyewe?

Mkongwe wa Sampuli:
Naanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo lenye mtego. Anayenunua kipimaji kwa hiari yake hakuchaguliwa na mtafiti, bali amejichagua mwenyewe. Mara nyingi amesikia kwamba nyumba ya jirani imekutwa na kiwango kikubwa, au anaishi katika eneo ambalo serikali imekwisha kulitaja kuwa na radoni nyingi, na aghalabu ni mwenye nyumba, si mpangaji. Aliyekuta kiwango cha juu hupima tena baada ya kufanya marekebisho, kwa hiyo nyumba moja yaweza kuingia katika kumbukumbu mara mbili au tatu. Nchini Marekani kuna jambo la ziada: vipimo vingi hufanyika nyumba inapouzwa, kwa siku chache, madirisha yakiwa yamefungwa, katika sehemu ya chini kabisa inayofaa kukaliwa, ambako gesi itokayo udongoni hujikusanya. Hata ukiwa na vipimo laki moja vya namna hiyo, utakachokijua kwa uhakika ni hali ya nyumba zilizopimwa, si ya nyumba za taifa. Ndiyo maana Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hiyo, lilipotafuta wastani wa kitaifa karibu na mwaka 1990, lilichagua nyumba kwa nasibu na kuviacha vipimaji humo mwaka mzima. Lilipata bekereli 46 hivi.

Fundi Ramani:
Nami najibu swali la kwanza. Uliza kwanza: huu ni wastani wa nini? Ile 89 ilipimiwa uzani kwa ardhi, yaani uzito ulifuata eneo, si idadi ya nyumba, kwa sababu nchi iligawanywa katika miraba ya kilomita 10 kwa 10 ili ramani ichorwe. Chukua mfano wa kubuni: mraba wa milimani una nyumba 200 zenye wastani wa 150, na mraba wa mjini una nyumba 20,000 zenye wastani wa 50. Ukiipa miraba hiyo uzito sawa, unapata 100. Ukizipa nyumba uzito sawa, unapata 51. Majibu yote mawili ni sahihi, ila la kwanza linamfaa mchora ramani, na la pili linamfaa anayekadiria saratani ya mapafu.

Kuhusu udogo wa sampuli ya 2015, kumbuka kwamba waliijenga juu ya ile kubwa. Walikuwa wamekwisha kujua ni wapi radoni ni nyingi na wapi ni kidogo, hivyo waliweza kuchagua nyumba chache zinazowakilisha hatari na jiografia kwa pamoja. Kushuka huko nako si mchezo wa hesabu tu, kwani matokeo yalipopangwa kwa mwaka wa ujenzi, kanuni za ujenzi za mwaka 1998, zilizodai kinga dhidi ya radoni, zilionekana kupunguza wastani.

Mbishi:
Msizidharau kumbukumbu za hiari. Nyumba ya Stanley Watras, Pennsylvania, haikugunduliwa na sampuli nasibu: mwaka 1984 alisababisha kengele za kugundua mionzi zilie kwenye kituo cha nyuklia alikofanya kazi, na chanzo kikawa nyumbani kwake, penye bekereli takriban 100,000. Nyumba kama hiyo ikiingia kati ya nyumba 999 zenye 50, wastani unapanda hadi 150! Kwa hiyo anayetangaza wastani wa kawaida bila wastani wa kijiometri (usioyumbishwa sana na thamani chache kubwa mno), au angalau kiwango cha nyumba ya katikati, amesema nusu tu ya habari.

Mwanagenzi:
Nashukuru sana. Ila hata ukichagua kwa nasibu, walioalikwa si wote wanaokubali. Je, hao waliokubali si watu wa kujitolea vilevile?

Mkongwe wa Sampuli:
Ndiyo, kwa kiasi, ingawa hapa unayo orodha ya kuwalinganisha nayo. Wapange waliokubali kando ya takwimu za sensa: umri wa nyumba, aina yake, ghorofa, upangaji. Wakaao ghorofa za juu, ambako radoni kwa kawaida ni kidogo, wakipungua katika sampuli, uzani unaweza kurekebisha. Usichoweza kukirekebisha ni kile ambacho sensa haikuuliza, kwa mfano hofu ya mtu juu ya nyumba yake. Kwa hiyo katika ripoti yako andika pia idadi ya barua za mwaliko zilizotumwa, si ya vipimaji vilivyorudi peke yake.