Tupeane uzoefu: mto wa kwenu unaopita kwa msimu, siku hizi ukoje?

KijukuuChaBonde
Asalaam alaykum. Idd hii nimekwenda Pemba baada ya miaka sita. Nyuma ya kwetu Ole kuna kijito hakina hata jina, sie tukikiita Mto tu. Zamani masika yakishika, maji yanapita mpaka mvua ya mchoo ya mwezi wa saba, na sie watoto tunavua kambale kwa vyandarua vya mbu. Safari hii nimekuta vijana wamechomeka magoli ya vijiti mtoni, wanapiga mpira, golikipa kavaa ndara za mama yake. Nikacheka, kisha kicheko kikakata. Kwenu vipi?

Mchambani
Wetu ushakuwa njia ya honda. Sina la kuongeza.

MamaMajaruba
Hapa mmenigusa donda. Nna majaruba matatu ya mpunga niliyorithi kwa mama. Bonde letu halina mfereji wa umwagiliaji, linategemea mto, na mto unategemea mvua. Marehemu mama akihesabu miongo tangu siku ya mwaka, siku kumi kumi, na ukifika mwongo wake anakwambia toa mbegu, atika. Akikosea, basi ni siku chache tu.

Na mie nimehesabu vivyo hivyo. Nimeatika, nimeburuga, nimepandikiza. Mvua ikanyesha siku nne ikakata, na mto nao ukapita siku nne ukakata. Kinamo kikaanza kupasuka, kwanza ufa wa kuingia ukucha, kisha kidole. Wiki ya tatu nilitumbukiza mkono mpaka kwenye bangili. Nikawa nateka kisimani kwa dumu, safari kumi na mbili kwa siku, namwagia jaruba moja. Mengine mawili nimeyatazama yakifa.

Basi hilo moja likachanua, likaanza kutia punje. Ndipo mvua ya mwezi mzima ikaja kwa usiku mmoja. Asubuhi sikuliona jaruba. Niliona mchanga mweupe, na dumu langu limezikwa hadi shingoni.

Mchambani
Allah akupe badala, dada. Ulipanda mbegu ya Supa?

MamaMajaruba
Supa.

BwanaShambaMstaafu
Ndiyo maana. Supa inakaa sana shambani. Panda mbegu ya NERICA, kiasi cha siku mia ushavuna, mto ukikata wewe ushamaliza.

MamaMajaruba
NERICA ukaile wewe. Wali hauna hata harufu!

FundiKaravati
Jamani tusiisingizie tabianchi kila kitu. Wetu umeuliwa na watu, nawajua mpaka rangi ya gari zao. Wamechimba mchanga mtoni, miti ya kule juu imekuwa mkaa. Mvua ina kosa gani?

MaalimJiografia
Fundi, yote mawili yanatupiga, na yanasaidiana. Hewa ikizidi joto digrii moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, kwa hivyo ikishusha, inashusha kwa pupa. Mito yetu ya Pemba ni mifupi, kutoka kilimani hadi mikokoni ni mwendo wa miguu. Mvua ya polepole inazama, kisha inachuruzika chini ya kilima kama jasho, na hiyo ndiyo inayouweka mto hai mvua ikishakata. Mvua ya pupa haizami, inakwenda na udongo wako. Na pasipo na miti ndiyo haizami kabisa. Pemba inapata wastani wa milimita 1,900 hivi kwa mwaka. Zikija kwa mikupuo michache, kipimo kinasoma vile vile na mto umekufa.

Vuli ndiyo inayoyumba zaidi. 2019 bahari ya upande wetu ilipata joto kuliko upande wa Indonesia, Afrika Mashariki ikafurika. 2021 na 2022 ikawa La Niña, yaani bahari ya Pasifiki imepoa, vuli ikatukimbia, hata Ruvu huko bara ukashuka mpaka Dar wakagaiwa maji kwa zamu. Na tusione haya kwa mito yetu kukauka: utafiti wa 2021 ulikuta zaidi ya nusu ya urefu wa mito duniani haipiti maji angalau siku moja kwa mwaka. Mto mkavu ni mto. Shida yetu ukikauka tunauita kiwanja.

FundiKaravati
Maalim umenirudisha skuli. Lakini mchanga wamechimba.

WaMakunduchi
Nyinyi mna mto wa kugombania. Kwetu Unguja maji yote yanamezwa na jiwe, hata mto Mwera nasikia haufiki baharini. Tuna mapango, na kiangazi kikirefuka maji yake yanaanza kuonja chumvi.

MzikajiWaKijiji
Mnalilia mpunga, mie mto ulinichukulia jeneza la kijiji, hilo tunalobebea kila maiti.

Mwezi wa tano. Masika yamechelewa hata watu wameyasahau. Makaburi yetu yako ng'ambo ya mto. Tumevuka na maiti huku tunadhikiri, mchanga mkavu unaingia kwenye makubadhi. Kwetu hakuna wingu. Kule kilimani kumeshika kweusi, lakini nani anatazama mbinguni na jeneza liko begani?

Tukazika. Talkini haijesha, tukasikia kitu kama lori linakuja pasipo na barabara. Kurudi, mto upo. Rangi ya chai ya maziwa, migomba mizima inapita. Watu kama arubaini tumekwama na jeneza tupu.

Ami mmoja mkaidi akasema mto huu kauvuka tangu hajatahiriwa. Akashika jeneza mbele, kijana nyuma, wakaingia. Hatua ya nne mguu ukakosa mchanga, kulikuwa na shimo. Kijana akarudi. Ami akaondoka na jeneza, kalikumbatia kama ngalawa. Tukakimbia ukingoni tunampigia kelele aliachie. Akanasa kwenye mizizi ya mwembe, tukamvuta hana kikoi. Jeneza likaendelea na safari.

Siku ya tatu wanawake walikwenda mikokoni kuokota chaza, wakalikuta limesimama wima. Ndoo wameziacha huko huko, mbio mpaka kwa sheha.

Mchambani
Yarabi! Ami alipona?

MzikajiWaKijiji
Mzima. Anasema aliogelea.

FundiKaravati
Shimo la mchanga! Si nilisema?

MaalimJiografia
Na maji yaliyolijaza shimo kwa nusu saa?

BwanaShambaMstaafu
Chomekeni mti ukingoni, mtie alama. Maji yakipita alama, havuki mtu. Na pandeni mianzi chanzoni.

WaMakunduchi
Msimsikilize, mianzi inakunywa maji yote.

MamaMajaruba
Ukisikia mngurumo toka mtoni, usingoje kuona. Mengine yote porojo.

KijukuuChaBonde
Kwetu waliahidi karavati kubwa, wakaleta.

FundiKaravati
Linafanya kazi?

KijukuuChaBonde
Limebaki peke yake. Mto ulipopita mwaka jana umehamia pembeni.

Mchambani
Turudi kwenye jeneza. Siku zile tatu, kama kulitokea maiti mwengine, alibebwa na nini?

MzikajiWaKijiji
Alitokea. Kitanda cha kamba cha bibi yangu. Mpaka leo hatujarudishiwa.