Kuku 100 halafu supavaiza anasema sampo yangu ni 2??

kuku_wa_field: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijachanganyikiwa. Nimefanya jaribio la chakula cha broila, kimoja nimechanganya mwenyewe kingine cha dukani, nina mabanda mawili, kuku 50 kila banda, banda A wakala cha kwangu B cha dukani, wiki 5 zikiisha nikapima mmoja mmoja, t-testi (ile hesabu ya kulinganisha wastani wa makundi mawili) ikatoa p 0.004, yaani kama vyakula havitofautiani, tofauti kubwa hivi ingetokea kwa bahati tu kama mara 4 kwa 1000, wa kwangu wazito zaidi, nikafurahi kweli. Supavaiza hata hajamaliza kusoma ananiambia sampo yako ni mbili. Mbili vipi wakati kuku 100 nimewakamata kwa mikono yangu hii? Au ananikomoa?

mzee_wa_takwimu: Hakukomoi dogo. Ulimgawia nani chakula, kuku au banda? Banda. Wale 50 wa A wanalala pamoja, joto moja, maji yale yale, mmoja akianza kuharisha damu wenzake wanafuata. Tofauti uliyoiona inaweza kuwa chakula, inaweza kuwa banda, na hesabu yako haiwezi kuvitenganisha. Hata ungejaza kuku 500 kila upande bado una mabanda mawili tu.

kuku_wa_field: Duh. Na kusema ukweli B liko upande wa upepo, usiku tulikuwa tunaongeza mkaa kila saa. Sasa hiyo 0.004 imetoka wapi?

mzee_wa_takwimu: Imetoka kwenye sharti ambalo hukulitimiza, kwamba kila kuku anajitegemea. Kompyuta haijui kama kuna banda, umeipa namba 100 ikaamini.

chai_ya_rangi: Naongezea hapo, ile ya Fisher, yule mtakwimu Mwingereza, na chai tulifundishwa wote halafu tukaisahau. Mama mmoja Uingereza alidai akionja tu anajua kikombeni yametangulia maziwa au chai. Kwenye kitabu chake cha 1935 Fisher anapanga vikombe 8, 4 maziwa kwanza, 4 chai kwanza, mpangilio kwa kura. Njia za kuchagua 4 kati ya 8 ni 70, kwa hiyo anayebahatisha anapatia vyote mara 1 kwa 70, kama 0.014. Vikombe 6, 3 kwa 3, njia ni 20, yaani 0.05. Vikombe 2? Hata mimi nisiyegusa maziwa ningepatia nusu ya mara. Mabanda yako ndo vikombe mdogo wangu. Hata ungerusha shilingi kuamua banda lipi lile nini, njia ni 2 tu, kuku wako wangekua kama mbuni p isingeshuka chini ya nusu.

kuku_wa_field: Umenimaliza dada. Kwa hiyo data nitupe?

mzee_wa_takwimu: Usitupe, iite majaribio ya awali. Ukipata vifaranga 80, kila banda ligawe kwa wavu vizimba 4, kuku 10 kila kizimba na vyombo vyao, halafu piga kura NDANI ya kila banda, vizimba 2 cha kwako, 2 cha dukani, hapo baridi ya B inawapiga wote sawa. Unachambua wastani wa vizimba, namba 8 sio 80. Kura ina njia 6 mara 6, 36, hapo unaweza kuongea. Na anayepima uzito asijue kizimba kipi kinakula nini, kuku akirusharusha miguu kwenye mizani mkono unajua kumpendelea wako.

mfugaji_mdogo: Nje ya mada kidogo mkuu, hicho chakula umechanganya nini? Nina broila 200 hapa.

kuku_wa_field: Pumba, mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa. Ila ngoja kwanza kaka, isije ikawa nakuuzia joto la banda A.